SHIMO LA BATI LIPONYWE, LISIFICHWE



Jumamosi alasiri ukipita Makongeni, Jericho, Kaloleni, au kule Changamwe kwa ndugu zetu wa pwani, utasikia nyundo zikilia. Si karakana ya tajiri. Ni mfanya kazi mwenzetu aliyetoka zamu, akala chakula, akabadili shati, akaanza kazi tena mbele ya mlango wake mwenyewe. Motokaa imeegeshwa kando, mlango wake mmoja umetolewa na kulazwa juu ya ndoo mbili, watoto wamesimama kutazama. Anaziba mashimo ya kutu. Huenda motokaa ni yake, huenda ni ya jirani, huenda ni ya mtu asiyemjua aliyeletwa na jirani.

Hatuna neno na kazi hiyo. Mshahara hauvuki mwezi, na mikono iliyojifunza kazi haiwezi kukaa bure wakati karo ya shule inadaiwa. Kadhalika motokaa za watu wa hali yetu ni kuukuu. Sheria ya Kenya hukataza kuingiza nchini motokaa iliyotumika iliyopita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza, kwa hivyo nyingi hutujia kutoka Japani zikiwa tayari na miaka 7 au 8. Zikishafika hupita mkono hata mkono, na zinapomfikia mfanya kazi huwa zimeonja mvua nyingi. Mashimo hayana budi kuwako. Swali ni moja tu: yakionekana, twayaponya au twayaficha?

Jambo hili limezungumzwa katika tawi letu mara nyingi, na kila mara tumelimaliza kwa kucheka. Leo hatucheki. Twasema wazi kwamba mwanachama anayeficha shimo la kutu kwa malipo anamdhulumu mfanya kazi mwenziwe, na sababu zetu ni hizi.

MAGAZETI CHINI YA MIGUU

Mwenzetu mmoja, dereva, aliweka akiba kwa miaka, akaongeza mkopo wa chama cha akiba, akanunua pikapu. Nje iling'aa kama sufuria mpya. Alipanga kubeba mboga alfajiri kabla ya zamu, na mkewe awe mshika hesabu. Mwezi wa nne mkewe alipoketi akasikia sakafu inabonyea chini ya kisigino. Wakainua zulia, wakakwangua. Juu kulikuwa na rangi nyeusi. Chini ya rangi kulikuwa na pati, chini ya pati kitambaa cha faiba, na chini ya faiba magazeti yaliyosokotwa. Chini ya magazeti hapakuwa na kitu ila barabara. Bolti ya mkanda wa kiti ilikuwa imeshika ukingo wa bati ulioliwa, ukimenyeka kwa kidole.

Kwa muda wa miezi minne mama yule alifunga mkanda kila siku kama sheria itakavyo. Tangu kanuni za mwaka 2003, zile zinazoitwa sheria za Michuki, zilipoanza kushikwa mwezi wa Februari 2004, sote tumezoea kuambiwa tufunge mikanda. Ni vyema. Lakini mkanda hauna nguvu zake wenyewe. Nguvu yake ni ya bati lililofungiwa bolti. Aliyesokota magazeti mahali pale alifunga mkanda hewani.

Na aliyefanya hivyo si tajiri wala si mgeni. Ile ilikuwa kazi ya fundi. Pati ilisuguliwa vizuri, rangi ilipulizwa sawasawa bila machozi. Mtu yule alijua kazi, na alijua alichokuwa akikifanya. Huenda alilipwa elfu chache. Huenda anausoma ukurasa huu.

KUTU HUANZA NDANI

Wasio mafundi hudhani kutu huanza nje pale rangi ilipokwaruzwa. Mara nyingi sivyo. Huanza ndani, mahali maji yanapoingia yasitoke. Mlango una vitundu vidogo chini vya kutolea maji ya mvua. Vikizibwa na vumbi, maji hulala ndani ya mlango kama ndani ya karai. Nyuma ya madigadi tope hushikamana na bati na kukaa na unyevu juma zima. Chini ya zulia maji ya viatu hayakauki. Na pwani, hewa ya chumvi huharakisha yote hayo.

Chuma kikigeuka kutu huvimba, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo sababu rangi hutokeza malengelenge. Basi ukiona lengelenge la ukubwa wa shilingi moja, ujue ndani ugonjwa umekwisha enea, pengine upana wa kiganja. Anayelikwangua kidogo na kupaka pati juu amefunika jeraha bila kuliosha. Tena pati hunywa maji. Ikiwa nyuma yake iko wazi, unyevu huingia, bati huendelea kuliwa pembeni, na baada ya mvua za masika kipande chote hutoka kama ganda la kidonda. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakuwa wakizungumza habari za motokaa, lakini hawakukosea.

SHIMO LA NYUMBANI NA SHIMO LA KARAKANA

Hatuwaambii wanachama waache kazi za nyumbani. Twawaambia wajue mpaka. Kuna bati linalofunika, na kuna bati linalobeba.

Linalofunika ni ngozi ya mlango, madigadi yaliyofungwa kwa bolti, kifuniko cha buti, na bati la nje la ubavu juu ya gurudumu. Shimo hapo huleta maji na aibu, lakini haliui mtu. Mwanachama mwenye subira na vyombo vya kawaida aweza kuliponya nyumbani.

Linalobeba ni chesisi, boriti ya chini ya milango, mahali springi na shokomzoba zinaposhikwa, sakafu penye bolti za viti na mikanda, na nguzo za paa. Motokaa ndogo za siku hizi hazina chesisi ya kando kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Shimo hapo ni la karakana, la fundi aliyepimwa, kwa mashine ya kuchomelea na kwa bati la unene ule ule. Pati haina kazi hapo. Faiba haina kazi hapo. Ribiti za kubonyeza haziwezi kushika mahali pa kuchomelea. Mwenye motokaa akisema hana pesa za karakana, mjibu kwa heshima kwamba basi motokaa hiyo ingoje.

KAZI YENYEWE

Kwa wale watakaoponya shimo la bati linalofunika, haya ndiyo mafundi wetu wa bodi waliyokubaliana.

Kwanza toa ugonjwa wote. Kwangua rangi mpaka uone chuma cheupe kinachong'aa, kisha kata bati lote lililoliwa kwa mkasi wa bati au kwa tindo. Shimo litakuwa kubwa kuliko ulivyotaka. Usiogope, halikukuzwa na wewe, bali wewe umeliona tu. Kagua nyuma, zibua vitundu vya maji, toa tope.

Pili tafuta kiraka cha haki. Bati la bodi lina unene wa kati ya milimita 0.7 na 1. Shiti ya geji 20, karibu milimita 0.9, yafaa. Bati la kuezekea la geji 30 ni jembamba mno, karibu milimita 0.3, wala debe la mafuta si kiraka. Kata kipande kipite ukingo wa shimo kwa sentimita 2 kila upande. Gonga ukingo wa shimo uingie ndani kidogo, ili kiraka kikae chini ya usawa wa bodi wala kisivimbe juu.

Tatu funga. Kwa ribiti, paka kiraka na ukingo rangi ya kuzuia kutu pande zote, tia gundi ya kuziba maungio katikati, toboa na kaza kila baada ya sentimita 2 au 3. Kwa kuchomelea, usivute mstari mmoja mrefu, maana bati jembamba hujikunja kwa joto. Shika nukta moja huku, nyingine upande wa pili, ngoja ipoe, endelea hivyo mpaka nukta zikutane. Ukimaliza, rudi nyuma ya kiraka ukapake rangi ya kuzuia kutu, na ikikauka upake mafuta mazito au grisi. Upande huo hautaonekana na mtu, na ndio utakaoamua kama kazi itaishi miaka au itakufa na mvua ya kwanza.

Nne ndipo pati. Pati ni ya kusawazisha, si ya kuziba. Isizidi milimita 3. Dawa yake ya kukausha ni kiasi cha sehemu 2 kwa 100. Ukizidisha ili ikauke upesi, rangi itabadilika madoa. Sugua kwa msasa namba 80, kisha 180, kisha 400, halafu praima, halafu rangi.

Hiyo ni kazi ya Jumamosi mbili, si ya saa mbili. Anayekuahidi saa mbili anakuuzia magazeti.

MAPAFU HAYANA SPEA

Kiwandani tumepigania miwani, glavu na vitambaa vya pua miaka mingi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimisha tajiri kutupa vyombo hivyo, na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo yamlazimisha kutulipa tukiumia. Lakini ukijiumiza mbele ya nyumba yako Jumamosi, tajiri wako ni nani? Ni wewe. Na wewe huna bima. Yule mtu anayemgomea meneja kwa kukosa miwani ndiye huyo huyo anayeshika grainda nyumbani akiwa macho wazi na malapa miguuni. Twauliza: jicho la Jumamosi ni la bei rahisi kuliko jicho la Jumatatu?

Basi fungua betri kabla ya kuchomelea, na anza na waya wa hasi. Usichomelee karibu na tangi la petroli wala mpira wake. Ondoa zulia na vitambaa vya ndani, maana moto huanza upande usiouona. Mtu wa pili asimame na ndoo ya mchanga. Watoto waondoke, kwa sababu mwanga wa kuchomelea huunguza macho ya anayetazama pia, na usiku huhisi mchanga ndani ya jicho. Bati lililopakwa zinki likiungua hutoa moshi unaoleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Likwangue kwanza, na fanya kazi penye upepo. Na ile desturi ya kunywa maziwa baada ya kazi tusijidanganye nayo. Maziwa huenda tumboni. Hayaoshi mapafu.

Juu ya yote, rangi ile ya kuchanganywa na dawa ya kukaza, inayong'aa kama kioo, isipulizwe nyumbani kamwe. Dawa yake huwa na isosayaneti, sumu ya hewani inayoleta pumu, na mtu akishaipata pumu hiyo aweza kubanwa kifua kwa harufu kidogo tu maisha yake yote. Kitambaa cha pua hakiizuii. Apulizaye hupaswa kuvutiwa hewa safi kwa bomba ndani ya chumba maalumu. Ua wa Makongeni, wenye nguo kwenye kamba na watoto mlango wa pili, si chumba maalumu.

WANAOTUPINGA

Twajua tutapingwa kutoka pande mbili.

Mafundi wa bodi wanachama wetu watasema: "Mnawafundisha madereva na makarani kazi yetu. Mwatunyang'anya chakula." Ndugu zetu, tumelifikiri neno hilo. Hatuoni kwamba karani aliyeziba tundu la mlango wake amekunyang'anya chakula, kwa maana asingekuja kwako kwa tundu hilo. Angeliacha, au angempa wa magazeti. Lakini karani aliyekwisha kata shiti kwa mkono wake, akasugua pati mpaka bega likauma, siku atakapokuja kwako na shimo la karakana hatakupunguzia bei hata ikuaibishe. Amejua jasho lake. Anayekuibia chakula ni yule mficha mashimo, kwa sababu yeye hutoza robo ya bei yako na kuwafundisha watu kwamba robo ndiyo bei ya haki.

Upande wa pili ni wale wenzetu wanaofanya kazi ya kuficha. Watasema: "Mteja ndiye aliyetaka. Alisema anauza motokaa, nifunike tu ing'ae. Nisipofunika mimi atafunika mwingine, na watoto wangu watalala njaa." Hatuwadharau wenye njaa; twaijua. Lakini tuyasikilize maneno hayo vizuri, maana tumeyasikia mahali pengine. Ni maneno ya yule anayekubali kazi chini ya mshahara tuliokubaliana, akisema asipokubali yeye atakubali mwingine. Chama hiki kilijengwa na watu waliolikataa neno hilo. Na tuulize motokaa hiyo inauzwa kwa nani. Tajiri hanunui pikapu ya miaka 20. Hununua dereva, hununua mwalimu, hununua mama wa sokoni. Shimo tunaloficha Jumamosi hupanda na mfanya kazi mwenzetu Jumatatu.

TUNAYOTAKA

Hatuandiki ili kulaumu tu. Twapendekeza mambo manne kwa mkutano ujao wa tawi.

La kwanza, tawi linunue seti moja ya vyombo vya bodi: mkasi wa bati, keekee, koleo ya ribiti, nyundo na vyuma vya kukingia, miwani, ngao ya kuchomelea na vitambaa bora vya pua. Viazimwe na wanachama kwa zamu na kuandikwa katika daftari. Vyombo bila miwani visitolewe.

La pili, mafundi wetu wa bodi wafundishe wanachama Jumamosi moja kwa mwezi, nao walipwe kutoka mfuko wa tawi. Ujuzi ni mali; usiombwe bure.

La tatu, wale waliojifunza kazi hii kwa macho na mikono bila cheti wasaidiwe ada ya kupimwa na Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, kuanzia daraja la 3 mpaka la 1. Mwenye cheti huweza kumkatalia mteja mbaya bila kuogopa njaa sana, kwa kuwa karakana nzuri humtafuta.

La nne, mwanachama yeyote anayetaka kununua motokaa kuukuu aje kwanza kwa mwenzake fundi, bila malipo. Waje na sumaku ndogo. Mahali penye chuma itashika. Mahali penye pati nene au faiba itaanguka. Waipitishe chini ya milango na juu ya magurudumu, kisha wainue zulia na kukanyaga sakafu penye bolti za mikanda. Sumaku ni ya bei ndogo. Yule dereva wetu angalikuwa nayo, asingekuwa leo analipa mkopo wa pikapu iliyolazwa juu ya mawe.

Na kwa yule aliyesokota magazeti, kama yumo kati yetu, twamwambia hivi. Hatulitaki jina lako. Kazi yako ya pati ilikuwa nzuri sana, na mkono unaoweza kusawazisha pati namna ile waweza kukata bati na kuchomelea kiraka. Njoo Jumamosi ya kwanza ya mafundisho, uwaonyeshe wengine jinsi ya kusugua. Kisha ukirudi kwako, mteja akikuambia ufunike tu, mwambie bei ya kuponya. Akikataa, mrudishie ufunguo.

Umoja ni nguvu.